Mkono wa Zalman Dirishani

Ein Luz, 2 Oktoba 1985

Kaka Amikam,

Pokea salamu zetu sote, na heri ya mwaka wetu mpya wa Kiyahudi iliyochelewa. Kadi yako niliiandika mapema kabisa, nikaisahau kwenye mfuko wa aproni, na aproni ikafuliwa. Aliyeifua ni mimi mwenyewe, mkuu wa chumba cha kufulia. Mume wangu Shimshon kanicheka siku mbili.

Sisi hatujambo. Shimshon mgongo unamsumbua lakini hataki kuacha mabwawa, anasema samaki wamemzoea. Binti yetu Noga ana mimba ya miezi mitano na ameshaanza kugombana na kamati ya elimu. Hataki mtoto wake alale nyumba ya watoto pamoja na wenzake, anataka alale naye chumbani. Nikamwambia, mimi na mjomba wako tulilala nyumba ya watoto mpaka tukaingia jeshini, na tumekuwaje? Akaniangalia tu. Na wewe usijibu.

Sasa lililonikalisha na kalamu. Mwakani kijiji chetu cha ujamaa, Ein Luz, kinatimiza miaka hamsini. Kamati ya sherehe imeamua kitolewe kitabu, na kazi ya kukiandika wamenitupia mimi, eti kwa kuwa nina mdomo. Nimepewa sanduku la picha na madaftari ya mikutano yote tangu siku za mahema. Nimekuta picha yako. Una wiki mbili, uko kwenye beseni la bati, na wamekuzunguka watu wazima thelathini na wanane na ng'ombe mmoja. Unajua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwogesha mtoto mchanga? Vijana watupu, wameacha wazazi ng'ambo, mama wa kumuuliza hayupo. Basi wakaitisha mkutano. Imo kwenye daftari, kwa mwandiko wa baba: "Imeamuliwa kwa wingi wa kura kwamba kichwa cha mtoto kishikwe kwa mkono wa kushoto." Nilicheka mpaka Shimshon akaja kutazama nina nini.

Miezi saba ulikuwa mtoto peke yako hapa. Hata jina hukuhitaji. Walisema "Mtoto" na kila mtu alijua ni nani.

Nataka uniandikie ukurasa mmoja: mtoto wa kwanza wa Ein Luz na anayoyakumbuka. Sikufichi, kamati ilibishana saa mbili nzima kama mtu aliyeondoka aingie kitabuni. Feivel alisema, "Akiingia huyo, kesho kila mtoro atadai picha yake." Nikamwambia, "Feivel, tukiwatoa walioondoka kitabu kitabaki kurasa sita, na nne ni za ng'ombe." Wakakubali.

Jambo jingine dogo, la utaalamu wako wa meno. Mzee Zalman ametengenezewa meno ya bandia huko mjini na hayamkai. Yanamchoma ufizi, anayavua, anayatia mfukoni. Juzi yalinifikia ndani ya suruali chafu, nusura niyachemshe. Anaishi kwa uji na amekonda sana. Kuna kitu cha kufanya?

Mdogo wako,
Hemda


Winnipeg, 27 Oktoba 1985

Hemda mdogo wangu,

Nimepata barua yako na nimefurahi. Kadi nimeisamehe. Huku theluji imewahi. Mke wangu Pearl ametimiza miaka miwili kaburini, nilikwenda na mwanangu Daniel tukamwekea vijiwe kama ilivyo desturi, kisha Daniel akarudi Toronto kazini kwake. Nyumba ina vyumba vitano na mimi nakaa jikoni. Mpe Noga pongezi, na mwambie asiogope kamati. Mwambie pia kwamba mjomba wake alikuwa mwoga wa giza mpaka miaka kumi na minne na hakuna mlezi aliyejua.

Ukurasa sitaandika. Andika wewe hivi: mtoto wa kwanza alizaliwa, akakua, akaomba jambo moja, akanyimwa, akaondoka. Mstari mmoja tu. Ng'ombe watapata nafasi zaidi.

Kuhusu Zalman, ale uji. Uji una afya.

Usinione katili. Ngoja nikwambie nilichokiona, maana sidhani nimewahi kukwambia. Desturi unaijua: anayejadiliwa hutoka nje. Nilisimama nje ya bwalo kwenye mvua ya Januari, 1961, nina miaka ishirini na miwili, na ndani watu sitini na saba wanaamua kama niende Yerusalemu kusomea udaktari wa meno au nibaki zizini. Nilimsikia Feivel akiuliza, "Kwani sisi tuna meno mangapi hata tutake daktari wetu wenyewe?" Bwalo zima likacheka. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke wa pumzi zao, sikuona sura ya mtu. Kisha mkono ukapanda karibu kabisa na dirisha. Mkono wa vidole vitatu. Nani mwingine kule, isipokuwa Zalman, alikatwa vidole na mashine ya majani ya ng'ombe? Swali la katibu sikulisikia, wala sikulihitaji. Yeye ndiye alikuwa mkuu wa zizi na mimi nilikuwa mkamuaji wake bora.

Katibu akatoka akaniambia: thelathini na nne kwa thelathini na tatu, umekosa. Kura moja, Hemda! Mtu aliyenibeba mabegani, aliyenifundisha kukamua kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana nilipokuja kumzika mama mwaka 1979 nilikula chumbani kwako siku zote tatu. Ulidhani ni huzuni. Nilikataa kuingia bwaloni alimokaa yule mzee.

Namba yangu ya nguo kwenye chumba cha kufulia, sitini na tatu, mlimpa nani? Nauliza tu.

Kaka yako,
Amikam


Ein Luz, 24 Novemba 1985

Kaka Amikam,

Hatujambo, na tunakuombea uzima. Mvua ya kwanza ilianguka tarehe kumi, nzuri, ya taratibu, ikafuatiwa na nyingine yenye upepo iliyong'oa bati la banda la matrekta. Baada ya hapo jua siku tatu. Sasa mawingu tena. Noga anavimba miguu lakini hanyamazi. Kamati ya elimu imeshindwa naye, suala la watoto kulala kwa wazazi litapelekwa mkutano mkuu.

Zalman yuko nami sasa kwenye chumba cha kufulia. Zizi lilimshinda kwa miguu, na wewe unajua mzee wa hapa akikosa jina lake kwenye orodha ya zamu anajiona ameshazikwa. Basi anakunja soksi. Vidole vitatu upande mmoja, vitano upande wa pili, na hakuna anayemshinda. Kila akiona stempu ya Kanada anauliza, "Mtoto anasemaje?" Safari hii nikamwambia ukweli, kwamba unasema ale uji. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Bado ana hasira," akasema. "Afadhali. Nilidhani ameshatusahau."

Kuhusu kura ile, ni mambo ya zamani. Kwenye daftari kuna idadi tu, majina hayaandikwi. Usimlaumu sana mzee.

Namba yako haina mtu. Kishubaka chako cha nguo safi kipo palepale ukutani, kati ya sitini na mbili cha Feivel na sitini na nne cha marehemu mama. Humo ndani naweka vibanio vya nguo.

Upepo umeanza tena.

Hemda


Winnipeg, 18 Desemba 1985

Hemda,

Salamu kwa Shimshon na mgongo wake, kwa Noga na miguu yake. Mimi mzima. Sikukuu ya Hanuka nimewasha mishumaa peke yangu siku zote nane, na siku ya mwisho nikajiimbia kwa sauti mpaka mbwa wa jirani akabweka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mvua, upepo, jua na mawingu vyote vimo, na kura imepata mistari miwili. Tangu utotoni, Hemda, ukificha kitu unahubiri hali ya hewa. Siku ulipovunja chungu cha jibini ulimweleza mama habari za ukungu kwa nusu saa. Unanificha nini?

Nitasema langu kwanza, labda utaona aibu na wewe useme lako. Kliniki nimemwachia daktari mwenzangu. Siku za kukosa usingizi zimekwisha, nalala vizuri, nala vizuri, na hakuna anayenihitaji. Wiki nzima naweza kukaa bila kusikia mtu akinitukana. Nimekuwa nikijiuliza kama mtu wa miaka arobaini na saba anaweza kuomba kurudi. Sijui kama wananitaka. Sijui kama nawataka. Ila niliposoma kwamba namba yangu haina mtu, nilisimama nikazunguka meza mara tatu.

Lakini nina sharti. Wale wengine thelathini na tatu walionikataa siwatafuti, walinijua kidogo. Zalman nataka anijibu. Nikija, siku ya kwanza nitaingia bwaloni wakati wa chakula cha mchana, nitakwenda mpaka mezani kwake, na mbele ya watu wote nitamuuliza kwa nini alininyima. Afe baada ya hapo akitaka, lakini anijibu kwanza.

Amikam


Ein Luz, 12 Januari 1986

Kaka Amikam,

Sote wazima. Mvua inatosha. Umenisema kweli kuhusu hali ya hewa, basi naiacha.

Barua hii nimeiandika mara nne, na tatu nimezichoma kwenye jiko la kupashia maji.

Zalman alikukubalia. Katibu huuliza kwanza wanaokubali, ndipo wanaopinga, na ule mkono ulioona dirishani ulipanda wa kwanza kabisa, katibu hajamaliza swali. Mkuu wa zizi aliinua mkono kumwachilia mkamuaji wake bora. Feivel alimkemea hapohapo, "Zalman, nani atakukamulia?" Akajibu, "Nina vidole vinane, vinatosha."

Mimi nilikuwa safu ya tatu nyuma yake. Wiki mbili kabla walikuwa wamenipokea kuwa mwanachama. Ulikuwa mkutano wangu wa kwanza na kura yangu ya kwanza maishani. Wanaokubali, sikuinua. Mama mbele yangu aliinua huku machozi yanamtoka, na mimi sikuinua. Wanaopinga, nikainua. Ile kura moja unayoihesabu miaka yote hii ni yangu.

Utataka kujua sababu. Baba alikuwa amekufa, mama kifua kimemshika, na nilijua ukienda Yerusalemu hutarudi. Nikadhani ukinyimwa utanuna mwezi mmoja kisha utabaki nasi. Hiyo ndiyo akili yangu yote ya wakati ule. Baada ya wiki tatu nikakukuta kitandani umetandaza mashati, unakata namba za nguo kwa wembe, moja moja, usiondoke na kitu cha Ein Luz. Nikachukua wembe wa pili nikakusaidia.

Kesho yake nilimwendea Zalman zizini nikilia. Akasema, "Ananidhania mimi. Asubuhi kanipita hapa hata salamu hakunipa." Nikamwambia nitakwenda kumweleza. Akasema, "Usiende. Mimi si ndugu yake. Akinichukia mimi ataishi. Akikuchukia wewe, mama yenu atabaki na nani?" Nami nilikubali. Nilikubali upesi mno, Amikam, na hilo linaniuma kuliko hata ule mkono.

Angekufa na siri hiyo. Juzi amepelekwa hospitali, mapafu, na daktari anasema mwili hauna nguvu kwa sababu hali chakula. Nikafikiri, akifa sasa, kaka yangu atamchukia kaburini na mimi nitakuwa nimeketi pembeni nakunja soksi. Siwezi.

Usirudi kama huwezi kuniona. Lakini ukirudi, usiende mezani kwake. Njoo kwenye meza yangu.

Hemda


Ein Luz, 9 Machi 1986

Kaka Amikam,

Tarehe ishirini Februari Noga amejifungua msichana. Jina lake Tamar, ana nywele nyingi na sauti ya katibu wa mkutano. Mkutano mkuu umepiga kura, watoto walale kwa wazazi wao, na Noga ametembea kijiji kizima akijivuna. Mimi nimeinua mkono wa kukubali, ingawa nyumba ya watoto inanisikitisha. Kila kukicha napita pale naona vile vitanda vidogo vimepangwa nje vinasubiri rangi.

Zalman amerudi kutoka hospitali. Anavaa koti lilelile lakini linamzunguka mara mbili.

Ni wiki nane tangu nikuandikie. Posta huchukua mbili. Siulizi jibu lako ni nini. Naomba nijue tu kama uko hai.

Hemda


Winnipeg, 28 Machi 1986

Hemda,

Niko hai. Hongera za Tamar, na Mungu amkuze na sauti yake hiyohiyo.

Barua yako ilinifikia mwisho wa Januari. Niliichana. Siku ya pili nikaokota vipande nikavibandika kwa gundi, na kimoja mpaka leo sijakiona, nadhani kilitoka na majivu.

Nina hasira nawe, na sitaki kuificha. Nimemchukia mtu asiyestahili kwa miaka ishirini na mitano, tena nilikuwa hodari, nilimchukia kila nilipomtia ganzi mgonjwa mwenye mikono mikubwa. Sasa hasira yote imebaki kwangu na sijui niiweke wapi. Kwako haikai. Nikijaribu kukuchukia nakuona umeshika wembe, unakata namba, unalia, na mimi nakwambia usilie, utatoboa kitambaa. Miaka yote hii nikikumbuka siku ile nilijisemea, angalau Hemda alikuwa upande wangu.

Hiyo ndiyo iliyoniuma, basi. Nimeisema.

Halafu kuna jambo jingine. Ningepewa ruhusa ningesoma Yerusalemu, nisingepanda meli kuja huku, nisingemjua Pearl, Daniel asingekuwepo. Sikushukuru kwa hilo. Nasema tu kwamba nimeliona.

Sijakusamehe. Mambo kama haya hayafanyiki kwa posta. Inabidi mtu akae karibu, amwone mwenzake akila, agombane naye kuhusu chumvi. Kwa hiyo peleka jina langu mkutanoni. Wakinikubali nitakuja kukusamehe huko, polepole.

Kuhusu Zalman, asiguswe kinywa na mtu yeyote. Meno yake nitamtengenezea mimi. Nakuja na unga wa kuchukulia alama ya ufizi na vifaa vyangu vyote. Mpaka hapo mpeni samaki laini, mayai, viazi vya kuponda na siagi. Uji basi! Mstari huu mmoja msomee yeye mwenyewe: Zalman, nilikuona dirishani na nikakuona vibaya. Nisamehe. Mtoto.

Amikam


Ein Luz, 4 Mei 1986

Kaka yangu,

Pasaka imepita salama. Watu mia mbili na arobaini bwaloni, Tamar alilia kuanzia kikombe cha kwanza cha divai mpaka cha nne, na Shimshon akasinzia kwenye masimulizi ya mapigo kumi ya Misri kama kila mwaka.

Mstari wako nilimsomea Zalman. Akataka nirudie. Nikarudia. Akachukua soksi nyeusi na soksi ya kijivu akazikunja pamoja, yeye ambaye hajawahi kukosea. Sikumsahihisha. Sijui ni nani wiki ile alitembea na soksi mbili tofauti, lakini hakuna aliyelalamika.

Jana jioni, Sabato ilipotoka, jina lako lilisomwa. Bwalo lilijaa, hata wasiohudhuria mikutano walikuja na sweta zao za kufuma. Katibu akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikasema: "Mwaka 1961 kaka yangu alikosa kwa kura moja. Kura hiyo ni yangu. Amemdhania mwingine miaka ishirini na mitano na mimi nikanyamaza. Nataka mjue kabla hamjapiga kura."

Feivel akajibu, bila hata kuacha kumenya chungwa lake: "Hemda, keti. Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Wewe mkono wako uliinua chini ya meza? Watu sitini na sita walikuwa na macho. Tulikuona wote."

"Na hakuna aliyeniambia?"

"Tukwambie nini? Ulikuwa na miaka ishirini na unamtaka kaka yako. Hata mimi nilikuwa namtaka abaki, ndiyo maana nilisema ule upuuzi wa meno." Akatupa maganda kwenye bakuli la katikati ya meza. "Upuuzi mkubwa. Sasa meza yetu ina watu wanane na meno kumi na moja. Tumeyahesabu. Katibu, uliza swali."

Nilikaa. Miaka yote hii nikipita kati yao na vikapu vya nguo, nikidhani nabeba siri, kumbe kila niliyemkabidhi shati alikuwa akiibeba pamoja nami. Nililia mbele ya wote na sikuona haya. Mama wa katibu akanipa sweta yake nijifutie.

Wanaokubali, katibu akasema. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Zalman. Wangu ukawa wa pili, nilikaa kando yake nikajitahidi kumshinda nikashindwa. Hamsini na nane wamekubali, wanne wamepinga, na wanne hao nawajua na nguo zao nitazifua vizuri vilevile. Katibu akasema mikono ishuke. Zalman hakushusha. Katibu akasema, "Zalman, tumeshahesabu." Yeye akasema, "Hesabu tena." Ikabidi asubiriwe.

Mwezi wa Mei madirisha ya bwalo huwa wazi. Mtu akisimama nje anaona kila uso.

Utaanza kwa mwaka wa majaribio kama mgeni yeyote, hakuna upendeleo kwa sababu ulizaliwa kwenye beseni letu. Kamati ya kazi imekwisha kukupanga kuosha vyombo kila Jumatano. Ukurasa wa mtoto wa kwanza nimeuacha mtupu, kuna picha yako tu juu. Utauandika ukifika, kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Julai.

Vibanio nimevitoa.

Hemda


Winnipeg, 23 Mei 1986

Hemda mdogo wangu,

Nafika tarehe nane Juni, ndege ya mchana. Shimshon asije na trekta.

Sitaandika mengi, vidole vinaniuma. Jana nilitandaza nguo zangu zote juu ya meza ya jikoni, nikatafuta sindano ya Pearl na uzi mwekundu, nikashona sitini na tatu kwenye kila shati, kila suruali, hata soksi. Nilidhani mtu anayeziba meno anaweza kushona. Hawezi. Tatu zangu zinafanana na nane, na kama kuna mtu hapo mwenye namba sitini na nane naomba aniwie radhi mapema. Daniel alipiga simu katikati ya kazi akauliza nafanya nini. Nikamwambia nafunga mizigo. Atakuja kututembelea majira ya baridi, anataka kumwona mzee wa vidole vitatu.

Chini kabisa ya sanduku nilikuta lile shati la bluu nililoondoka nalo. Kwenye kola bado kuna kitundu, pale wembe wako ulipoteleza. Nimeshona namba juu yake. Shati limenibana tumboni lakini nitalivaa safarini. Nikifika nitalitupa kwenye kapu la nguo chafu, na Ijumaa nitakuja kulichukua kwenye kishubaka changu pamoja na wengine wote, kwenye foleni.

Kaka yako,
Amikam, 63